Mheshimiwa Gavana, wanaojitolea Nyando wanahitaji sepetu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kisumu,

Salamu kutoka Ahero. Tarehe 5 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea. Umoja wa Mataifa uliianzisha mwaka 1985, na mwaka 2026 wote ukawatengea wanaojitolea. Najua hotuba hazitakosekana. Mimi naandika kuhusu sepetu.

Mto Nyando ukifura, wa kwanza kujitokeza huku uwanda wa Kano ni majirani. Vijana wa boda huwabeba wazee mgongoni hadi barabarani, akina mama huinjika sufuria shuleni walikohamia watu, na wengine hujaza magunia mchanga. Kazi hii ya magunia wengi huidharau. Gunia likijaa pomoni halibebeki, tena halilali vizuri juu ya jingine, na maji hupenya pembeni. Hujazwa nusu au kupita kidogo, likafungwa mdomo, likalazwa, likakanyagwa hadi likae. Anayeyajua hayo ni aliyeyafanya wakati wa mafuriko yaliyopita, na jina lake halijaandikwa popote.

Sasa, maji yenyewe yanatoka juu, Nandi na Kericho. Huko mpakani, kuanzia Sondu hadi Muhoroni, unajua jinsi wizi wa ng'ombe unavyoweza kuwatoa majirani na mishale. Lakini nimeona vijana wa jamii ya Kipsigis wa huko juu wakiteremka kutusaidia kuzibua mtaro, kila mmoja na jembe lake begani. Hakuna aliyewahubiria amani. Walikula githeri pamoja nasi, wakabishana kuhusu timu ya Gor Mahia (hapo hatukuelewana kabisa), wakaachiana namba za simu. Namba hizo ndizo ninazozithamini. Uvumi ukizuka usiku kwamba "wale wanakuja", kuna mtu upande wa pili wa kupigiwa na kuulizwa ukweli. Mikutano ya amani ya hotelini ina chai na posho, sikatai, ila wengi wanaoihudhuria si wale wanaoshika mishale.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza: kazi za mitaro na upanzi wa miti kandokando ya mto zipangwe pamoja na wenzetu wa juu, wakati wa kiangazi, kabla ya mvua ya Machi. Miche inayopandwa siku ya kamera na kuachwa bila wa kuimwagilia haitusaidii, wala wao.

La pili ni vifaa. Mkono mtupu haulambwi, na moyo wa kujitolea hauchimbi mtaro kwa kucha. Wahamasishaji wa afya ya jamii walipita nyumba kwa nyumba miaka mingi bila malipo kabla ya serikali kuu na kaunti kukubaliana kuchangia posho yao. Sisi hatuombi posho. Tunaomba magunia, sepetu, kamba na wilbaro viwekwe hapa hapa kwenye wadi, ufunguo ukae na kamati ya kijiji, na daftari la majina liwepo ili mtu akiumia kazini ajulikane na atibiwe.

Na gambuti ziwe za saizi zote. Shirika fulani lilituletea kubwa tupu, na akina mama wakaishia kuzivua na kuingia topeni pekupeku.

Wako,
Mkazi wa Ahero