Utoro wa bamvua

Kwa Mhariri,

Kila muhula ukifunguliwa husikika agizo lile lile: machifu wapite nyumba kwa nyumba, na mzazi ambaye mtoto wake hayuko darasani akamatwe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaruhusu. Mzazi asiyempeleka mtoto shule bila sababu ya haki anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hatuna ugomvi na sheria hiyo. Ila mwenye kuisoma yote ataona kuwa haianzi na chifu. Inamtaka mwalimu mkuu achunguze kwanza kwa nini mtoto hakuja. Akiona hapana sababu ya maana, ndipo amwandikie mzazi ilani na kupeleka ripoti kwa bodi ya elimu ya kaunti. Uchunguzi huo ndio unaorukwa. Na hapa kwetu Lamu ungefanywa, ingeonekana kwamba utoro mwingi una tarehe zake, tena tarehe zenyewe zimo katika kalenda ya mwezi mwandamo iliyotundikwa ukutani karibu kila nyumba.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana, hupwa sana, na miamba hubaki wazi. Baina ya bamvua mbili ni maji mafu. Hilo kila mtoto wa Kizingitini, Faza au Matondoni analijua. Ambalo walimu wengi, hasa waliokuja kutoka bara, hawajalitia maanani ni saa. Katika mwambao huu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha tena usiku kwenye saa kama hizo. Maji mafu hupwa jioni na alfajiri, wala hayaondoki mbali. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na mmoja anayefuata pweza au kombe mwambani hana saa nyingine ya mchana ila ile ambayo wenzake wako kwenye hesabu. Hakuichagua yeye saa hiyo.

Mzazi ukimuuliza hukujibu, na hasemi uongo: "Ni siku mbili tu, mwalimu." Basi na tuzihesabu. Bamvua huja kila baada ya siku kumi na nne au kumi na tano. Muhula wa wiki 13 una bamvua sita. Siku mbili kila bamvua ni siku 12. Ondoa tatu au nne zitakazoangukia Jumamosi na Jumapili, zinabaki nane au tisa. Siku za masomo katika muhula huo ni 65. Mtoto huyo amekosa zaidi ya asilimia 12 ya masomo na bado hajaumwa hata homa moja, hajaenda harusi wala hitima. Bandu bandu huisha gogo. Bamvua kubwa kupita zote, nazo, huja karibu na Machi na Septemba. Ile ya Machi inaangukia ndani ya muhula wa kwanza, wakati kaskazi bado inavuma na bahari ni tulivu, na wavulana wakubwa wanazamia kamba mawe.

Kwa nini tunataja asilimia? Kwa sababu majimbo mengi ya Marekani hutumia kipimo ambacho sisi pia tungekifaidi: mwanafunzi aliyekosa asilimia 10 ya siku za shule au zaidi, kwa sababu yoyote ile, yenye ruhusa au isiyo na ruhusa, anahesabiwa kuwa yu hatarini. Kipimo hicho hakiulizi nani mkosa. Sisi neno letu ni "utoro", na mtoto anayelea mdogo wake huku mama amekwenda kuuza mahamri tunamtia kapu moja na aliyejificha kichochoroni. Ukishamwita mtoro, unachokitafuta ni fimbo, na sababu haitafutwi tena.

Ripoti nyingi za shule zina wastani wa mahudhurio wa darasa, na wastani huo unaficha mambo. Darasa la watoto 40 likiwa na 36 kila siku lina mahudhurio ya asilimia 90. Yamkini wale wanne ni wengine kila siku, na hapo hapana balaa kubwa. Yamkini pia ni wale wale wanne kwa muhula mzima, maana yake watoto wanne wameshaacha shule na majina yao yamo. Kutoka ofisini huwezi kutofautisha. Tena mgao wa serikali wa shule za msingi, Sh1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hufuata idadi ya walioandikishwa, hivyo shule haipati faida yoyote kwa kusema kwamba jina fulani halina mtu. Tunalisema hili bila kumnyooshea mtu kidole. Ndivyo mpango ulivyo.

Dawa ya kwanza ni rejista, na haigharimu kitu. Rejista ya darasa ina nafasi ya asubuhi na ya alasiri. Kosa la kawaida ni kutia alama zote mbili asubuhi, au kuijaza Ijumaa kwa kukumbuka. Matokeo yake ni kwamba mtoto anayeondoka saa tatu kufuata maji huonekana alikuwepo mchana kutwa, na Ijumaa alasiri, ambapo wengi huwa hawarudi baada ya swala, hujaa kuliko siku nyingine zote! Alama ya asubuhi itiwe si baada ya saa mbili na nusu, ya alasiri itiwe mwanzo wa kipindi cha kwanza baada ya chakula, kwa kuita majina wala si kwa kuangalia madawati.

Kisha kila Ijumaa mwalimu wa darasa ajumlishe kwa upana wa ukurasa, jina kwa jina, si kwenda chini tu kwa siku. Ni kazi ya dakika kumi na tano kwa darasa la watoto 40. Pembeni aandike herufi moja ya sababu: M kwa maradhi, B kwa bahari, L kwa kulea au kazi za nyumbani, S kwa shughuli kama harusi, matanga na safari, P kwa pesa au sare, H kwa hofu. Asiyejua sababu atie alama ya kuuliza, na alama za kuuliza zikizidi tatu katika darasa, hiyo ndiyo kazi ya wiki ijayo. Juu ya kila safu, kando ya tarehe ya kawaida, aandike tarehe ya mwezi mwandamo. Baada ya wiki sita hatahitaji mtu wa kumweleza. B zote zitakuwa zimejikusanya mwezi mosi hadi nne na kumi na tano hadi kumi na nane. Zisipojikusanya hapo, basi sisi tumekosea kuhusu shule hiyo na tatizo lake ni jingine.

Asingojee mwisho wa muhula. Katika wiki nne za mwanzo, siku 20 za masomo, mtoto aliyekosa mbili ameshafika asilimia 10. Siku ya kwanza atumiwe mzazi ujumbe: "Asalaam aleikum Mama Fulani, hatukumuona mtoto leo. Yu mzima?" Swali la kwanza liwe la afya, kwa sababu mara nyingi jibu ni kwamba si mzima. Siku ya pili apigiwe simu. Ya tatu aende mtu nyumbani, na mtu mwenyewe asiwe mwalimu mkuu wala chifu. Aende jirani aliye katika bodi ya shule, au mwalimu wa madrasa anakosoma mtoto huyo jioni, kwani huyo ana heshima katika nyumba ambayo mlango wake haumfungukii kila mtu. Aulize saa ngapi mtoto aliamka, alikula nini, nani alimtuma. Akirudi aandike herufi.

Sasa fimbo. Ni marufuku kisheria, na bado ipo. Mtoto aliyekosa Jumatatu akijua atachapwa Jumanne hakosi siku moja, hukosa tatu, na ya nne huona aibu. Mtoto anaporudi akae na mwenzake mwenye daftari kamili, apewe dakika ishirini za mwalimu kabla ya kwenda nyumbani, basi. Haya yana uzito zaidi katika Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu, ambako kusoma hufundishwa silabi juu ya silabi. Aliyekosa somo la leo haelewi la kesho. Wazazi wengi wana rai ya kinyume. Wanaona mdogo anacheza tu, akikosa hana hasara, na mkubwa mwenye mtihani ndiye wa kubanwa.

Na siku za bamvua zenyewe? Tusijidanganye kwamba nyumba yenye njaa itaacha pweza kwa sababu ya barua gazetini. Lakini shule inaweza kujipanga. Tarehe zinajulikana tangu Januari, na Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la maji la kila mwaka. Zitiwe katika ratiba ya muhula. Mitihani ya kila wiki na mada mpya za hesabu zisiwekwe siku hizo. Ziwekwe michezo, kilimo, sanaa, mambo ambayo mtoto huyaonea uchungu kuyakosa. Na kama shule haina uwezo wa kulisha kila siku, ilishe siku hizo. Kilo moja ya unga wa uji kwa lita tisa za maji hutoa vikombe thelathini vya mililita 300. Watoto 240 wanahitaji kilo nane. Hapa ndipo wengi hukosea: uji hupikwa ukatolewa mapumziko ya saa nne. Uji wa saa nne humkuta mwambani. Utolewe saa moja na nusu, kabla ya kengele.

Sababu nyingine tutazipita haraka, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa dawa zake zinajulikana. Mwenye sare moja, masika ikifika na nguo isikauke, hukaa nyumbani. Kabati la sare zilizoachwa na waliohitimu linatosha. Baadhi ya wasichana wakubwa hukosa shule siku zao za hedhi. Tangu mwaka 2017 sheria inawapa wa shule za umma sodo za bure, na swali ni kama zimefika shuleni au zimelala kwenye stoo ya Mokowe zikingoja boti. Watoto wa darasa wakipungua siku ambayo pesa za karatasi za mtihani zinaitwa, mwalimu mkuu ajue ameiunda P kwa mkono wake. Sheria inakataza kumzuia mtoto kuhudhuria kwa sababu hakulipa. Minyoo nayo haionekani kwenye rejista, lakini utafiti wa Edward Miguel na Michael Kremer kule Busia, uliochapishwa 2004, ulikuta kwamba shule zilizopewa dawa ya minyoo zilipunguza kukosa shule kwa robo. Hesabu zake zilibishaniwa baadaye, ila dawa ni rahisi na siku ya kuigawa isiwekwe wakati wa bamvua.

Ramadhani kwa miaka hii iko ndani ya muhula wa kwanza. Mtoto aliyelala baada ya tarawehe akaamshwa daku haamki saa kumi na mbili unusu akiwa na akili. Vipindi vizito viwekwe kati ya saa tatu na saa tano, na wazazi waombwe jambo moja tu, kwamba walio chini ya miaka kumi walale mapema. Maulidi ya Mfunguo Sita hatupendekezi kupambana nayo. Shule ijue siku zake, ifanye kazi zake kabla.

Bara ya kaunti hii, nje ya visiwa, ni jambo jingine. Katika miji ya Hindi, Mpeketoni na Witu bamvua si kitu. Huko rejista isomwe na msimu wa mashamba, watoto wanapobaki kuamia nyani na ndege au kuvuna korosho. Herufi B ibadilishwe iwe ya shamba. Vijiji vya msitu wa Boni, ambako usalama ulifunga shule kwa miaka, hatuvitii katika hesabu hii kabisa. Huwezi kumwandika mtoto mtoro katika shule isiyo na mwalimu.

Neno la mwalimu limetufikisha kwenye jambo ambalo wenzetu watatuchukia nalo. Mwalimu anayevuka kwenda bara Ijumaa mchana na kurudi Jumatatu saa nne amewafundisha wanafunzi wake kwamba wiki ina siku tatu tu zilizo kamili. Rejista ya walimu iwekwe kando ya ile ya watoto, zisomwe pamoja, na bodi ya shule izione zote mbili.

Tunaiomba bodi ya elimu ya kaunti jambo moja lisilo na gharama kubwa: rejista zitakazogawiwa mwakani ziwe na safu mbili zaidi, moja ya herufi ya sababu na moja ya tarehe ya mwezi mwandamo. Hadi hapo, mstari wa penseli na rula unatosha.

Walimu wawili wastaafu,
Langoni, Amu