Kimea cha mtama kinaweza kufaa bustani pia

Bwana Mhariri,

Ninaomba nafasi katika gazeti lenu niwaambie wenzangu wa Bukavu, hasa sisi tunaolima lengalenga kwenye miteremko ya Kadutu, kwamba kimea kile kile cha mtama ambacho mama zetu hutumia kutengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kinaweza kuufaa udongo pia. Punje inapochipua hutoa vimeng'enya, yaani protini zinazosaidia kuvunjavunja vitu: amilasi huvunja wanga kuwa sukari, na fosfatasi hufungua fosforasi, kirutubisho cha mimea, iliyofungwa ndani ya masalia ya mimea.

Mimi huloweka gramu 60 za mtama kwa saa 12, nikauchuja na kuufunika kwa kitambaa chenye unyevu, na siku ya tatu, kijizizi kinapolingana na urefu wa punje, nautwanga kwenye kinu mpaka utoke uji mzito wenye utamu kidogo, ambao nauchanganya na lita 20 za maji ya mvua na kuumwagia mashinani siku hiyo hiyo. Safari moja niliuacha kwenye bidoni siku mbili. Ulichacha, ukanuka, nikaumwaga.

Tafadhali, msiwape mbuzi machipukizi hayo mabichi, kwa kuwa mtama unaochipua huweza kutoa sumu ya sayanidi. Wala maji haya si badala ya mboji: pasipo na masalia, vimeng'enya havina cha kuvunja, na udongo wetu mwekundu, unaooshwa na mvua kila msimu, una njaa ya majani makavu na samadi kwanza. Ndiyo maana inaniuma kuona maganda ya ndizi yakitupwa mferejini.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu