Vishikwambi: tuulize kwanza vya 2016 viko wapi

Mhariri,

Wanaotaka kila mwanafunzi apewe kishikwambi huzungumza kana kwamba Kenya haijawahi kujaribu. Ahadi ya uchaguzi wa 2013 ilikuwa vipakatalishi kwa darasa la kwanza. Mwaka wa 2016 vikaanza kuja vishikwambi, na hatimaye zaidi ya vifaa milioni moja vikagawiwa shule za msingi za umma.

Faida zipo, sizikatai. Shule isiyo na maktaba hupata vitabu vya masomo yote ndani ya kifaa kimoja. Mtoto asiyeona vizuri hukuza herufi, na anayeona haya kuuliza hurudia somo mpaka alielewe.

Lakini katika shule ninayoijua, vifaa vilikaa kabatini chini ya kufuli mbili. Simlaumu mwalimu mkuu: kikiibwa kimoja, atakayekwenda kuandikisha taarifa polisi ni yeye. Vilipotolewa, betri nyingi hazikushika chaji, na darasa zima lilikuwa na soketi moja, tena karibu na mlango. Michezo na video ni tatizo pia, ingawa hilo mwalimu mkali hulimudu.

Mimi ningeanza na seti moja kwa kila shule, izunguke madarasani, huku walimu wakipewa mafunzo kabla vifaa havijafika, si baadaye. Na kabla ya zabuni yoyote mpya, Wizara ya Elimu ituambie: fundi wa kuvikarabati atalipwa kutoka mfuko gani?

Mzazi,
Kilifi