Mwanangu, flashi ya saini uishike mwenyewe

Mwanangu,

Kaka yako amerudi kutoka mnada wa vitunguu wa Lasalgaon na habari kwamba kura ya bahati ya kugawa viti imekitenga kiti cha kijiji chenu kwa mwanamke, na kwamba wakwe zako wanataka ugombee usarpanch, uongozi wa kijiji. Nimefurahi, na nimekosa usingizi vilevile. Nilimuuliza jambo moja tu: nani atashika flashi ya saini? Hakujua. Ungenipigia wewe mwenyewe ningekuuliza wewe, lakini siku hizi habari zako nazisikia sokoni.

Tarafa ya Chandwad na watu wake unawajua kuliko mimi, kwa hiyo huko siingii. Nataka ujue pesa inavyotoka. Gramsevak, katibu wa serikali kijijini, anaingiza malipo kwenye mfumo wa kompyuta wa eGramSwaraj, sarpanch anayaidhinisha kwa saini yake ya kidijitali, na saini hiyo imo ndani ya flashi ndogo yenye namba ya siri. Mfumo hauoni ni nani aliyekaa mbele ya kompyuta. Flashi ikiwa kwa karani, kwa mkandarasi, au mfukoni mwa mumeo, aliyelipa ni wewe. Na mkaguzi akija, au polisi, jina litakaloitwa ni lako.

Usiidhinishe usichokisoma. Nitalirudia hili mpaka ulichoke.

Mumeo ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini najua mambo yanavyoanza. Siku ya kwanza ataambiwa na wenzake, "Shemeji ana watoto, lete flashi tukamalizie hapa." Halafu inakuwa mazoea. Nusu ya viti vya panchayat, halmashauri ya kijiji, huku Maharashtra ni vya wanawake tangu 2011, na bado wapo masarpanch wanaokaa nyumbani huku waume zao wakikalia kiti ofisini. Watoto wabaki na bibi yao, wewe uende. Namba ya siri usiiandike kwenye karatasi na kuibandika juu ya flashi, maana hivyo ndivyo wengi wanavyofanya.

Kabla ya kuidhinisha, uliza pesa ni ya fungu gani. Zile za serikali kuu chini ya Tume ya Fedha ya 15, za 2021 hadi 2026, ziligawanywa hivi: asilimia 60 zilifungwa kwa maji ya kunywa na usafi, asilimia 40 zilikuwa huru kwa mahitaji mengine ya kijiji, ila mishahara haikulipwa humo. Ukiona pesa ya maji imelipia lango la kijiji lenye picha za viongozi, kataa. Kisha omba kitabu cha vipimo cha mhandisi, uende nacho kwenye kazi yenyewe. Barabara ya zege pima urefu, upana na unene, na unene usiupime pembeni peke yake. Pembeni ndiko macho yanakofika, kwa hiyo pembeni humwagwa nene, na katikati zege linakuwa jembamba. Masika ya kwanza trekta zikipita na vitunguu, ufa unaanzia katikati. Nenda siku wanayomwaga, kabla halijafunikwa, uchomeke nondo iliyowekwa alama. Siku hiyo watakuchukia. Hesabu uliziweza tangu ukiwa mdogo, kuliko kaka zako wote wawili, kwa hiyo usiniambie kwamba vipimo ni kazi ya wanaume.

Sasa kabla hujajaza fomu, kagua nyumbani kwenu. Kodi ya nyumba na ya maji ya panchayat iwe imelipwa na risiti iwe mkononi, kwa sababu deni lililopita miezi mitatu tangu kudaiwa linatosha kukuondoa. Choo kiwe kipo na kinatumika. Watoto wasizidi wawili: wa tatu akizaliwa, kiti kimekwenda, hata kama umeshachaguliwa. Mama mkwe wako ajue hilo mapema. Na lile banda la ng'ombe la baba mkwe, lipo juu ya kiwanja chenu au juu ya malisho ya kijiji? Aliyevamia ardhi ya umma hana kiti, na mahakama imewahi kuhesabu uvamizi wa jamaa wa nyumba hiyohiyo. Wapinzani wako hawatasema kitu sasa. Watangoja ushinde, ndipo wapeleke picha ya banda kwa collector, mkuu wa wilaya.

Watakuja pia na hasira za vitunguu. Usiahidi bei. Bei ya kitunguu chetu inavunjwa Delhi, kwenye serikali kuu. Agosti 2023 waliweka ushuru wa asilimia 40 kwa kitunguu kinachouzwa nje ya nchi, Desemba wakafunga kabisa, na walifungua tarehe 4 Mei 2024, wakati jimbo letu la Dindori lilikuwa lipige kura ya ubunge tarehe 20 mwezi huohuo. Aprili, huku sisi tumefungiwa, waliruhusu tani 2,000 za kitunguu cheupe cha Gujarat kwenda nje. Bharati Pawar alikuwa waziri mdogo katika serikali kuu, na kiti akakipoteza kwa Bhaskar Bhagare, mwalimu. Hakuna sarpanch aliyefunga mpaka wala aliyeweza kuufungua. Ukiahidi bei utasimama mlangoni mwako ukijibu maswali ya waziri.

Na kumbuka kilichotokea kwenye kura hiyohiyo. Kulikuwa na mgombea mwingine, jina la ukoo Bhagare vilevile, alama yake tarumbeta. Alama ya Bhagare mwalimu ilikuwa mtu anayepuliza tarumbeta. Yule wa pili alipata kura zaidi ya laki moja, na chama cha mwalimu kikalalamika kwamba watu wamechanganywa. Sijui ni wangapi kati yao walikusudia. Ila hivyo ndivyo karatasi zitakavyokuja mbele yako: jina karibu lilelile, kiasi karibu kilekile, akaunti ya mkandarasi mwingine. Soma jina lote. Soma namba ya akaunti mpaka tarakimu ya mwisho.

Ahidi kilicho mikononi mwa panchayat. Njia ya trekta kutoka mashambani, mtaro wake, maji, taa. Na baraza la kijiji liitishwe kweli, tarehe zake zijulikane, na mkutano wa wanawake utangulie. Maazimio yaandikwe palepale kitabuni. Ukurasa ulioachwa wazi "tutajaza baadaye" usiutie saini hata gramsevak akikuapia.

Kaka yako anasema mmeanza kung'oa vitunguu. Mwambie baba mkwe asiharakishe kwa ajili ya kampeni. Maji yakatwe siku 15 kabla, na majani yawe yameanguka nusu ya shamba. Mkishang'oa, vipangeni safu safu, majani ya safu moja yakifunika vichwa vya nyingine, siku tatu hadi tano. Jua kali likipiga kichwa kitupu kinaungua na kuoza ndani. Mkikata majani acheni shingo ya sentimita mbili na nusu. Ikikatwa karibu zaidi, ukungu unaingia hapo. Halafu kivulini siku 10 hadi 15. Vitunguu pacha, vyenye shingo nene na vilivyotoa ua viuzwe sasa, kwa bei yoyote, kwa sababu havitafika Agosti. Kama mlitia yurea baada ya siku 60, basi shingo nene zitakuwa nyingi, msishangae.

Bandani, sakafu iwe juu ya ardhi nusu mita ili hewa ipite chini. Rundo lisizidi futi nne kwa upana na futi tano kwa kimo. Mkilijaza kama mwaka jana, vya chini vinasagika na joto linabaki katikati. Mvua zikianza Juni, shusheni turubai upande wa upepo na mfungue kila jua likitoka. Harufu ikianza, pekueni siku hiyohiyo. Vitunguu hivyo visiguswe kwa gharama za uchaguzi. Kama chama kinakutaka, chama kichapishe mabango.

Mama yako anauliza kama ile dawa ya magoti inapatikana kwenu, huku imekwisha. Ng'ombe mwekundu amezaa, jike.

Jambo la mwisho. Hati yetu ya shamba, ile ya 7/12, mpaka leo ina majina ya kaka zako tu baada ya langu, na sheria ya urithi ya 2005 inakupa fungu sawa na lao. Halikupaswa kungoja mpaka uitwe sarpanch. Ombi la mgawanyo linapelekwa kwa tehsildar, ofisa wa ardhi na kodi wa tarafa; talathi, karani wa ardhi wa kijiji, ndiye anayeandika daftarini. Nimeshasema na kaka zako. Njoo na kitambulisho chako, kadi ya Aadhaar, na nakala zake mbili, na ombi lenyewe ulisome lote kabla ya kulitia saini, hata kama limeandikwa na mimi.

Baba yako