Marubani wa helikopta waje madarasani

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu utumishi wa ofisa mwandamizi wa Jeshi la Anga, rubani wa helikopta. Vyeo vyake mmevitaja vyote; kazi yenyewe mmeigusa juu juu.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Oktoba hewa hupata joto, huwa nyepesi, na mapanga ya helikopta hupungukiwa nguvu ya kuinua. Rubani hulazimika kupunguza mzigo au kusubiri alfajiri. Hiyo ni fizikia ya sekondari kabisa! Wanafunzi wangu huinakili ubaoni bila kuiona ikifanya kazi.

Naiomba JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kila Septemba 1 inapokumbuka kuanzishwa kwake mwaka 1964, itutumie marubani wake madarasani, hata huku Bahi na Chamwino.

Mwalimu wa Fizikia,
Dodoma