Barua kwa Mwanangu: Daftari la Babu Yako

Nyangao, Lindi

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefurahi kwamba umepata kazi Mwanza, lakini tangu uliponiambia unahama mwisho wa mwezi sipati usingizi kwa sababu ya daftari la babu yako. Nakuomba usilipakie pamoja na mizigo itakayotangulia kwa lori.

Misheni yetu ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1896, mwaka mmoja baada ya Lukuledi, na zote mbili zilichomwa moto katika Vita vya Majimaji mwaka 1905. Habari za wamisionari zimehifadhiwa: Askofu Cassian Spiss, aliyeuawa Mikukuyumbu tarehe 14 Agosti, anakumbukwa, na Sista Walburga Diepolder, aliyepoteza maisha Nyangao ilipovamiwa, anakumbukwa pia. Lakini waumini waliorudi kwenye majivu, wakachimba ming'oko porini ili wasife kwa njaa iliyofuata vita, majina yao yamo katika daftari lile peke yake. Babu yako aliyaandika kwa penseli kama alivyotajiwa na baba yake katekista, na kando ya kila aliyefariki kabla kanisa halijaezekwa tena akachora msalaba mdogo. Katika ukurasa wa kwanza tu niliihesabu misalaba kumi na mmoja.

Ulisema wiki mbili zingekutosha kulinakili kwenye kompyuta, na sasa Pasaka ya pili imepita. Paroko alipotangaza kwamba wewe ndiwe utakayeandika historia ya parokia, nilisimama kanisani nikilia kwa furaha, kwa hiyo usinifanye niinamishe kichwa mbele ya wazee wanaoniuliza kila Jumapili. Lile daftari la pili, lenye majina ya akina mama, lililiwa na mchwa ndani ya sanduku lililokaa sakafuni masika yote bila kufunguliwa, nawe unajua sanduku hilo lilikuwa chini ya kitanda cha nani.

Mikorosho imeanza kuchanua. Hela uliyotuma imetosha kununua salfa na kumlipa kijana wa kupuliza, ila bati mbili za jikoni bado zinavuja. Mbuzi amezaa mapacha.

Lifunge daftari kwenye nailoni, ulipakate mwenyewe safari nzima, na unipigie simu kabla basi halijaondoka.

Mama yako