Isikilizeni injini kabla ya kuifungua

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie magari ya zamani yanayolia injini, hasa Hiace za injini za dizeli za 3L na 5L zinazopiga ruti za Kisesa, Igoma na Nyegezi, pamoja na Corolla na Noah zilizojaa hapa Mwanza. Neno "imenoki", yaani beringi za ndani ya injini zimekwisha, limekuwa jepesi mno midomoni mwa mafundi. Gari linaingia gereji linagonga, fundi anainamia boneti dakika mbili, anatikisa kichwa, hukumu inatoka: injini ishushwe. Kumbe wakati mwingine kinachogonga ni puli, lile gurudumu la nje linalozungusha mkanda.

Kabla ya kushika spana, dereva aulizwe. Inalia ikiwa baridi au ikishapata moto? Inalia ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, au mpaka ipande mlima wa Bugando imejaza abiria? Halafu fundi asikilize mwendo wa mlio wenyewe, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kemshafti, mhimili unaofungua valvu, huzunguka mara moja wakati kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, imezunguka mara mbili. Injini ikiwa sailensi kwenye mizunguko 800 kwa dakika, tapeti moja iliyolegea, kipande kinachosukuma valvu, hugonga karibu mara saba kwa sekunde, tena kwa sauti nyepesi ya juu. Beringi iliyokwisha ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, kwa kawaida huenda mara mbili ya hapo, na mlio wake ni mzito, wa chini kwenye sampo, bakuli la oili. Sikio lililozoea linatofautisha bila kuhesabu.

Chombo cha kusikilizia si cha gharama. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse chuma, mpini uuweke kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mikono ya shati ikunjwe, feni haina huruma. Anza tapeti kava, shuka kwenye kifuniko cha taimingi, kisha ubavu wa bloku, malizia sampo. Usisahau altaneta na wota pampu, maana beringi zake zikichakaa mlio husambaa bloku nzima na kumdanganya hata mkongwe.

Kipimo kinachofuata ni kuzima silinda mojamoja. Kwa injini ya petroli yenye koili juu ya kila plagi, ishike kwenye mizunguko 1,500 hivi, chomoa soketi ya koili moja, sikiliza sekunde chache, rudisha, nenda ya pili. Usikawie, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuharibu kisafishaji moshi kwenye ekzosi. Mlio ukipungua sana ulipozima silinda ya tatu, basi konrodi au pini ya pistoni ya silinda hiyo ina kasoro. Usipobadilika popote, rudi juu kwenye valvu, au tafuta nje ya injini.

Kwa dizeli za pampu ya zamani kama 3L, legeza nati ya bomba la nozeli, ile inayopulizia dizeli kwenye silinda, nusu mzunguko kwa spana namba 17, uifunike kwa kitambaa. Hapa kuna mtego: nozeli mbovu na konrodi mbovu zote hunyamaza silinda ikizimwa. Kwa hiyo badilishana nozeli hiyo na ya silinda jirani. Mlio ukihama nayo, umeokoa injini. Peleka nozeli ikapimwe, na umwage maji yaliyotuama chini ya filta ya dizeli, maana hayo ndiyo huanza kuziharibu. Ila kipimo hiki kisijaribiwe kabisa kwenye dizeli mpya kama 1KD. Presha yake inapita bar 1,000, mchirizi wake unatoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini.

Vitu vinavyojifanya konrodi ni vingi. Puli ya kranki iliyolegea bolti, au iliyoachana na mpira wake wa kati, hugonga kwa mwendo uleule wa kranki. Kwa gari la otomatiki, ile sahani nyembamba inayounganisha kranki na giaboksi ikipasuka, au bolti zake zikilegea, hata fundi mzuri hushusha injini bure. Jaribu kutoka N kwenda D ukiwa umekanyaga breki, kama mlio unabadilika, chungulia huko kwanza. Manifoldi ya ekzosi ikivuja hutoa mlio kama wa tapeti, mkali asubuhi, unafifia chuma kikitanuka, na pembeni ya gasketi utaona masizi meusi. Mkanda unaopiga kelele umwagie maji kidogo: ukinyamaza kisha ukarudia, shida ni mkanda wenyewe au umelegea, usipojali maji, ni beringi.

Kuhusu tapeti, kwa 1NZ, injini ya petroli ya Corolla nyingi, nafasi ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza, na 0.25 hadi 0.35 upande wa ekzosi. Injini hii haina skrubu ya kurekebishia, hubadilishwa vikombe vyenyewe vya tapeti. Anayekuahidi kukaza tapeti za 1NZ kwa bisibisi, muulize ataizungushia wapi. Na tapeti inayolia kidogo ni afadhali kuliko iliyobanwa ikanyamaza, kwa sababu valvu isiyofunga sawasawa huungua.

Taa ya oili kuzimika si ushahidi wa afya. Presha ikifika kama bar 0.3 tu inazimika. Fungua swichi ya taa hiyo kwenye bloku, funga geji ya presha mahali pake, pasha injini moto. Kwenye mizunguko 3,000 injini ya 3L au 5L itoe kuanzia bar 2.5. Halafu ikate filta ya oili kwa msumeno, isafishe vumbi la msumeno, kunjua karatasi yake juani. Vipande vinavyonaswa na sumaku ni chuma. Vinavyometameta kama fedha na sumaku haivishiki ni uso wa beringi. Ukiona rangi ya shaba, uso umeshaisha na kranki inasagwa. Hapo kweli imenoki. Zima palepale na uivute kwa kamba, kwa sababu kilomita tano za kuiendesha mpaka gereji zinatosha kutoa konrodi nje ya bloku. Ikiwahiwa, kranki inachongwa na kuwekewa beringi za 0.25, yaani za kranki iliyopunguzwa milimita 0.25.

Kuna wanaotibu kelele kwa oili nzito. Inanyamaza, ni kweli, siku chache. Lakini 1NZ iliyotengenezewa 5W-30 ukiijaza oili ya uji, asubuhi inachelewa kufika kwenye kikaza cheni, na cheni inakwaruza sekunde mbili tatu kila unapowasha. Filta ya bei poa isiyo na kivalvu cha mpira cha kuzuia oili isirudi huleta mlio huohuo, na dawa yake ni filta nzuri na lita 3.7 za oili sahihi.

Kwa hiyo anayekwenda kununua gari la mkononi aende alfajiri bila kumwambia muuzaji saa kamili. Ashike tapeti kava kabla halijawashwa. Likiwa la moto saa kumi na mbili asubuhi, amwombe muuzaji alizime, anywe chai, arudi baada ya saa nne, awashe yeye mwenyewe.

Mafundi wa gereji,
Nyakato, Mwanza